Kushtaka: fisi maji aliyewachukua waliozama

Watlingit wa kusini-mashariki mwa Alaska wameishi karne nyingi kati ya msitu mzito na bahari yenye baridi kali, safari zao zamani zikiwa za mitumbwi. Mtu akizama, mara nyingi maiti haikupatikana. Hapo ndipo anapoingia kushtaka, fisi maji ajigeuzaye mtu, amchukuaye aliyezama au aliyepotea porini akamfanya wa ukoo wake. Majirani zao Watsimshian nao wana imani ya namna hiyo. Vitabu na filamu za kutisha za siku hizi vimemgeuza zimwi mla watu, na kwa kweli vimemdhulumu. Kushtaka alizaliwa na msiba usio na kaburi. Zamani Watlingit waliwachoma maiti wao, isipokuwa waganga, wakiamini kwamba moto ule humpa marehemu joto huko aendako. Aliyemezwa na bahari aliukosa, na jamaa zake walibaki na swali: yuko wapi, na katika hali gani?

Wapo wasemao kwamba hivi vilikuwa vitisho tu vya kuwazuia watoto wasisogelee maji. Ni kweli kushtaka aliogopwa. Mbwa, moto na chuma vilitumika kumkinga mtu naye. Lakini kitisho cha watoto hakielezi masimulizi aliyoyakusanya mwanaanthropolojia John R. Swanton huko Sitka na Wrangell mwaka 1904, yakachapishwa mwaka 1909. Katika mojawapo, wazazi wamebanwa na njaa, na mwana wao aliyezama anawarudia usiku kumsaidia baba kuvua samaki. Mdomo wake wa juu umevutwa hadi chini ya pua, mikono imeanza kushikamana na kifua. Kabla kunguru hajalia, anakimbilia msituni. Wazazi wanamwona alivyoharibika, na bado wanamtaka akae nao. Hilo si zimwi, ni mtoto wao. Tena, nje ya masimulizi, mganga chipukizi alikuwa akienda porini kumtafuta fisi maji na kumkata ulimi ili apate nguvu zake, jambo ambalo hakuna mtu angelifanya kwa kiumbe kilichohesabiwa kuwa ni uovu mtupu.

Masimulizi hayo ya 1909 yapo, na yanasomeka. Anayetaka kumjua kushtaka aanze na hayo, filamu zije baadaye.