Safu ya Lugha: Setilaiti si dishi

Wiki hii, hapa Kamina, jirani aliniambia: "Mzee, upepo umeangusha setilaiti yetu." Kilichoanguka ni dishi la televisheni, sinia la bati lililofungwa ukutani. Kosa hilohilo husikika kwenye uwanja wa ndege, mtu anapoonyesha nundu iliyo mgongoni mwa ndege na kuiita setilaiti.

Neno hili lilianzia kwenye Kilatini, *satelles*, yaani mlinzi anayeandamana na mkubwa wake. Mwaka 1611 mwanaastronomia Kepler aliipa jina hilo miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Tangu hapo maana yake haijabadilika: setilaiti ni kile kinachozunguka huko juu. Zile za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, nazo huzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi likishaelekezwa halihitaji kugeuzwa tena.

Ndege haina raha hiyo. Hukata kona, huinama, hupanda. Kwa hiyo fundi anayesanifu mawasiliano yake huweka *antena* inayoifuata setilaiti bila kuipoteza, na kuifunika kwa *kifuniko* kinachopitisha mawimbi na kukata upepo. Nundu ni hicho kifuniko. Redio ya kawaida hukatika ndege ikienda mbali na mnara. Juu ya misitu yetu mipana, antena hiyo yaweza kuwa sauti ya rubani.

Basi tuseme hivi: setilaiti huzunguka, antena hupokea na kutuma, dishi ni antena yenye umbo la sinia. Uhai wa abiria unapotegemea vyombo hivi, tuviite kwa majina yake.