Chesesi Ile Ile, Injini Nyingine: Njia ya Kati Ikitazamwa Kutoka Gereji Moja ya Tabora

Kadi ya gari nchini mwetu huandika namba ya chesesi na namba ya injini kwenye karatasi moja. Karani wa usajili huziona kama jozi isiyotengana. Fundi wa gereji anajua vinginevyo. Chesesi hukaa, injini hupita. Gari moja linaweza kumaliza injini mbili au tatu katika maisha yake, na mwenyewe akaendelea kuliita gari lake lile lile.

Nilijifunza hayo nikiwa mwanafunzi wa sekondari, wakati wa likizo, katika gereji iliyokuwa chini ya mwembe pale Tabora. Baba yangu mdogo alikuwa na Land Rover kuukuu yenye injini ya V8 ya petroli. Nguvu ilikuwa nayo, lakini ilikunywa mafuta kiasi kwamba safari ya kwenda Urambo kufuata mambo ya tumbaku na kurudi ilimaliza faida aliyoifuata. Akaipeleka kwa mzee mmoja ambaye mji mzima ulimwita Fundi, pasipo kuongeza jina. Baada ya siku tisa gari lilitoka likiwa na injini ya dizeli ya silinda nne, iliyofunguliwa kutoka kwenye gari la Kijapani lililopinduka.

Siku hizo tisa nilishika tochi na kupokeza spana. Nilidhani kazi kubwa ni kuinyanyua injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi. Kumbe hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kazi ya kweli ilikuwa kuifanya injini ngeni ikubali kukaa. Giaboksi ya Land Rover haikuwa na matundu yanayolingana na injini ya Kijapani, hivyo Fundi alichonga sahani ya chuma ya kuziunganisha, akihakikisha kwamba shafti ya giaboksi inaingia katikati kabisa, kwa maana ikipotoka kwa unene wa ukucha klachi haiishi mwezi. Vishikizo vya injini vilikatwa na kuchomelewa upya. Sampu ya oili ilibidi ipunguzwe upande mmoja isije ikagonga ekseli ya mbele gari likiruka shimo. Kila kipimo alikiandika kwa penseli katika daftari lenye jalada la bluu.

“Kijana,” aliniambia, “injini yoyote itaingia. Swali ni kama itakaa.”

“Shikamoo, Fundi,” nilimjibu, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amefika na mimi nilikuwa nimesahau kumwamkia. Alicheka, akaitikia, tukaendelea.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuifahamu asili ya ile V8 iliyotupwa kando chini ya mwembe. Ilianzia Marekani. Kampuni ya Buick iliitoa mwaka 1961, injini ya alumini ya lita 3.5, nyepesi kuliko wenzake wa chuma cha kusubu. Baada ya 1963 wenyewe waliiacha. Mwaka 1965 kampuni ya Rover ya Uingereza ilinunua haki ya kuitengeneza, ikaiweka kwenye Range Rover mwaka 1970, na kwenye Land Rover mwaka 1979. Injini iliyokataliwa Marekani ikapata chesesi ya Kiingereza, na kwa mlango huo ikafika Unyamwezi.

Wakati huo huo huko Marekani vijana walikuwa wakifanya kinyume cha alichokifanya Fundi. Walitoa injini ndogo na kuingiza kubwa. Mwaka 1964 Pontiac yenyewe iliufuata mtindo huo: ilichukua gari la ukubwa wa kati, ikaweka injini ya V8 ya lita 6.4, ikaliita GTO. Hadi leo wapo wanaochukua magari ya enzi hiyo na kuyawekea injini za kisasa zenye nguvu zaidi, na kazi hiyo ina vitabu, mashindano na maduka yanayouza sahani za kuunganishia zikiwa tayari zimetobolewa. Ufundi ni ule ule. Kwao haja ilikuwa mwendo. Kwetu haja ilikuwa lita. Ila wao waliandika.

Hapa ndipo historia ninayoifundisha inapokutana na gereji. Njia ya kati, itokayo Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni chesesi iliyobadilishwa injini mara kadhaa. Injini ya kwanza ilikuwa bega la binadamu. Mbung'o waliua ng'ombe, punda na farasi, kwa hiyo mzigo wa kilo thelathini na zaidi ulikwenda kichwani au begani kwa miezi mitatu au zaidi. Pembe za ndovu zilishuka pwani; vitambaa, shanga na bunduki vilipanda bara; na katika njia hiyo hiyo walipita watu waliotekwa na kuuzwa. Wanyamwezi waliifanya kazi ya upagazi kuwa taaluma, yenye kirangozi anayeongoza, mapatano ya ujira, na ujuzi wa maji na majira. Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857, walifika kwa nguvu ya wapagazi katika njia iliyokuwa na wenyewe. Stanley alipoondoka pwani mwaka 1874 alikuwa na mashua, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wanadamu waweze kuibeba. Hata chombo cha majini kilikwenda kwa miguu.

Injini ya pili ilikuwa mvuke. Wajerumani walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa sehemu kubwa ikiandamana na njia ya misafara. Vitabu vya shule husema kwamba reli iliondoa upagazi. Ni kweli kwa safari ndefu. Lakini watu hawakuondoka. Mabega yale yale yalikwenda kujenga tuta la reli, kukata kuni, na baadaye kufyeka mkonge katika mashamba ya mbali. Injini ilibadilishwa, aliyeihudumia alikuwa yule yule, akiwa na ujira mpya na bwana mpya.

Mfano ulio wazi kuliko yote unaelea Kigoma, jirani na Ujiji ambako misafara ilikoma. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni kupitia Tabora. Iliunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Mwezi Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yakikaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka injini yake grisi nzito. Walijua kwamba chombo kinaweza kubadili bendera na bado kikahitaji injini.

Hawakukosea. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta mitambo yake inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, miaka ambayo bei ya mafuta ilikuwa ikiitikisa nchi yetu, ndipo injini za mvuke zilipotolewa na za dizeli kuingizwa katika bodi ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikafanyiwa ukarabati mwingine mkubwa kwa msaada wa Denmark. Ni kazi ya Fundi wa Tabora, ila kwa urefu wa zaidi ya mita 70. Mwaka 2015 chombo hicho cha enzi ya Kaiser kilikuwa kikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Mwenye kusema kwamba kubadili injini ni ubabaishaji wa maskini na awaulize wakimbizi hao.

Sasa tuulize ni nani anayetajwa. Simulizi zinazosomwa sana kuhusu meli hiyo humtaja Anton Rüter na wenzake wawili waliotoka naye Papenburg. Waafrika na Wahindi waliopiga ribiti hutajwa kwa idadi. Katika habari za misafara, mzungu ana jina na shajara. Mpagazi ana mzigo. Na gerejini, gari lina namba mbili kwenye kadi, lakini aliyeziunganisha hana mahali pa kutia sahihi.

Ni rahisi kuwalaumu wakoloni kwa jambo hili. Mimi siwezi, kwa sababu nami nimefanya hivyo hivyo. Fundi alifariki nikiwa tayari na shahada ya uzamivu ya historia. Nilikuwa nimesafiri hadi nyaraka za mbali kutafuta barua za maofisa wa reli. Nilipokwenda kuhani niliuliza habari za daftari la bluu. Kijana wake aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba kiwanja kiliuzwa, vyuma vikapelekwa kwa wanunuzi wa skrepa, na makaratasi yakachomwa. Vipimo vya zaidi ya miaka thelathini, vya injini zipi zinakaa kwenye chesesi zipi katika barabara zetu, viliteketea kwa dakika chache. Kila likizo nilipita mbele ya gereji ile. Sikuwahi kuomba kulinakili.

Hasara hiyo si ya hisia tu. Mamlaka ya VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na huo ni mwanzo mwema. Lakini kumpa fundi cheti ni jambo moja. Kuyahifadhi anayoyajua ni jambo jingine. Cheti huzikwa na mwenyewe. Vilevile mtumishi wa umma anayemwona fundi wa kubadili injini kama mtuhumiwa wa kwanza wa magari ya wizi humfukuza kutoka kwenye kumbukumbu. Sheria inataka mabadiliko ya injini yatolewe taarifa, na ni haki. Basi fomu hiyo na iwe na nafasi ya jina la fundi na maelezo ya kazi, ili usalama upate mtu wa kuwajibika na historia ipate mtu wa kukumbukwa.

Nasema haya sasa kwa sababu njia ya kati inabadilishwa injini tena. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kazi kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli hiyo mpya inaelekea Tabora na Kigoma. Nalifurahia jambo hili. Lakini injini ngeni inaingia, na swali la Fundi linarudi: itakaa? Jibu halitegemei mkandarasi pekee. Linategemea kama vijana wa Kaliua na Uvinza watakuwa wanashika tochi tu, au watakuwa wanaandika vipimo katika lugha wanayoielewa, mahali ambapo hapachomwi moto.

Kwa wanafunzi wangu wanaotoka Tabora na Kigoma, kazi ya likizo hii ni moja. Nenda gereji iliyo karibu na kwenu. Amkia kwanza. Uliza kama kuna daftari, omba ruhusa, piga picha kila ukurasa, na juu ya ukurasa wa kwanza andika jina la mwenyewe.