Unywele Unavyoshuhudia na Unavyodanganya Kanda ya Ziwa

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Masazumi Harada, daktari wa Kijapani aliyejulikana kwa kazi yake miongoni mwa waathirika wa zebaki wa Minamata. Timu yake ilipima nywele za wachimbaji dhahabu 150, na za wavuvi pamoja na familia zao 103, kandokando ya Ziwa Victoria. Kilichoogopwa kilieleweka: zebaki ambayo wachimbaji wadogo wa ukanda wa Geita huitumia kukamatia dhahabu, kisha kuichoma, ingeweza kufika ziwani, ikaingia kwenye samaki na hatimaye kwenye vyungu vya watu wa mialo ya uvuvi, Nkome ukiwa mmojawapo. Miaka mitatu kabla, Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Akagi wa Japani walikuwa wameonyesha kwamba zebaki katika samaki wa eneo hili ilikuwa ndogo. Nywele za wavuvi wengi ziliafikiana na hilo. Lakini wachache walikutwa na viwango vya kutisha, na chanzo hakikuwa samaki wala mgodi. Kilikuwa sabuni ya kujichubua yenye zebaki.

Tukio hilo linastahili kukumbukwa kila mtu anapopendekeza kwamba nywele za watoto wa kanda hii zipimwe ili kujua kama wanapata zinki ya kutosha. Pendekezo lina mvuto. Unywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo huhifadhi kumbukumbu ya wiki na miezi iliyopita. Haudai sindano wala jokofu, na mkasi na bahasha vinatosha. Hata hivyo, kilichotokea kwa zebaki ndicho kinachotokea kwa zinki: kipimo cha maabara hutaja kiasi kilichopo, hakitaji kiliingiaje. Kwa zinki kuna tatizo la ziada, nalo linawahusu hasa watoto wadogo wenye lishe duni.

Sifa ya unywele katika habari za zinki ilianzia mbali na hapa. Mwaka 1961 Ananda Prasad na wenzake walieleza habari za vijana wa Iran waliodumaa na kuchelewa kubalehe, ambao chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa ngano isiyokobolewa. Baadaye kazi hiyo ilihamia Misri, na mwaka 1966 Strain na wenzake wakaripoti kwamba nywele za vijana wa Misri waliodumaa zilikuwa na zinki karibu nusu ya ile ya Wamisri wenye afya. Mwaka 1972 Michael Hambidge wa Denver, Marekani, aliwakuta watoto wachache ambao nywele zao zilikuwa na zinki chini ya sehemu 70 katika milioni. Wengi wao walikuwa wafupi, hawana hamu ya kula, na baadhi hawakuonja ladha vizuri. Walipopewa zinki, hali ilibadilika. Tangu hapo unywele ukaonekana kama njia nyepesi ya kupima zinki kwa maskini.

Ila watoto wa Denver hawakuwa na unyafuzi. Katika ugonjwa huo, ambao Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 huko Gold Coast (Ghana ya leo), nywele za mtoto hubadilika kuwa nyekundu, huwa chache na hung'oka kwa kuguswa. Wala akina mama hawakuhitaji daktari kuliona hilo. Mzizi wa unywele unapodhoofika, unywele hukua polepole mno, na zinki kidogo iliyopo hujikusanya katika unywele mfupi. Hivyo mtoto aliyeathirika zaidi anaweza kutoa namba nzuri kuliko jirani yake mwenye afya. Ongeza umri, kwa kuwa zinki ya nywele hubadilika sana katika miaka ya mwanzo ya uhai, ongeza vumbi na sabuni, na utaona kwa nini namba moja ya mtoto mmoja haiamui kitu.

Atakayepinga atasema kipimo cha damu nacho hakiaminiki. Ni kweli: zinki ya plasma hushuka mtoto anapopata maambukizi, na kanda hii ina malaria nyingi. Isitoshe, sampuli huchafuka kwa urahisi. Hoja hiyo inadai vipimo kadhaa visomwe pamoja. Haiupi unywele kiti cha hakimu. Kwa kundi kubwa la watoto ambao hawajadhoofika sana, wastani wa nywele unaweza kusaidia, hasa ukilinganishwa kabla na baada ya kuongeza zinki. Na jambo jingine lisidharauliwe: hii ni kanda ambamo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Mzazi anayeuliza nywele za mwanawe zinapelekwa wapi ana haki ya jibu kamili kabla mkasi haujafunguliwa.

Wakati huohuo, dalili nyingine ziko wazi bila maabara. Ugali wa muhogo na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) hushibisha, lakini zinki yake ni ndogo. Mahindi ya dona yana zinki zaidi ya sembe, ila pumba zake zina fitati inayoizuia kufyonzwa. Dagaa anayeliwa mzima ni chanzo kizuri, naye anaanikwa palepale mwaloni, ingawa sehemu kubwa husafirishwa mbali au kuwa chakula cha kuku. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi, zinki ikiwemo, ziliwafaa walionunua unga wa viwanda vikubwa; mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijijini hayakupata kitu. Anayetaka kujua hali ya zinki ya watoto wa Nkome na aanze na rula ya kupimia urefu, aulize kilicholiwa jana, achukue damu kwa wachache, na nywele aziweke mwisho. Na anayemuuzia mzazi cheti cha zinki kwa nywele za mtoto mmoja asilipwe.