Wakimbizi walioandika, wakimbizi walioandikwa

Mwaka 1964 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuhamia Mlimani kutoka jengo la TANU pale Lumumba. Mwaka huohuo Walutheri walianzisha shirika la TCRS la kuhudumia wakimbizi, na haikupita muda likawa linashughulika na nyanda za juu za Mwese, magharibi ya Mpanda. Walioletwa huko walikuwa Wanyarwanda, wengi wao wakiwa wamekwisha kukimbia mara mbili: kwanza kwao, kisha Kivu. Na mwaka huohuo Herbert Marcuse, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa akifundisha Marekani, alichapisha kitabu chake One-Dimensional Man. Mwese hakuna aliyekuwa na habari za Marcuse, wala Marcuse hakuwa na habari za Mwese. Hata hivyo mambo hayo matatu yalikuja kukutana, na yalikutana Mpanda kabla hayajakutana Mlimani.

Marcuse alitoka katika kundi la wanafalsafa wa Frankfurt. Taasisi yao ya utafiti wa jamii ilianza mwaka 1923 kwa fedha za Felix Weil, ambaye baba yake alitajirikia Argentina kwa biashara ya nafaka. (Kwamba ubepari ulilipia gharama za kuuchunguza ubepari, wenyewe walilijua hilo na halikuwanyima usingizi.) Max Horkheimer alishika uongozi mwaka 1930. Miaka mitatu baadaye Hitler akaingia madarakani, taasisi ikafungwa, na wasomi wake, wengi wakiwa wa familia za Kiyahudi, wakatawanyika. Walipitia Geneva, na mwaka 1934 wakapokewa New York, Chuo Kikuu cha Columbia. Huko ugenini ndiko Horkheimer alikoandika, mwaka 1937, makala iliyoipa nadharia hakiki jina lake. Hoja yake ni kwamba msomi hasimami nje ya jamii akiitazama kama mtu anayetazama samaki ndani ya chupa. Naye yumo ndani. Elimu yake ina anayeilipia na ina anayefaidika nayo, na nadharia isiyojiuliza maswali hayo haijakamilika.

Wengine hawakufika New York. Walter Benjamin, rafiki wa kundi hilo, alizuiwa mpakani akitoka Ufaransa kuingia Hispania, akafia Portbou Septemba 1940. Hannah Arendt, ambaye na Theodor Adorno, mwenzake Horkheimer katika taasisi, hawakupikika chungu kimoja, alinusurika, na mwaka 1943 akaandika makala kali juu ya maana ya kuitwa mkimbizi. Kwa kifupi, falsafa hii ambayo leo inafundishwa kwa utulivu vyuoni iliandikwa na watu waliokuwa wakipanga foleni za viza.

Kule Dar es Salaam, Mlimani nayo ilikuwa na moto wake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukaitishwa mkutano wa kujadili chuo kikuu kifanye nini katika nchi ya kijamaa. Humo ndimo lilimokua wazo la somo la pamoja ambalo kila mwanafunzi angelisoma, awe wa sheria au wa sayansi, somo lililokuja kuwa Taaluma za Maendeleo. Novemba 1967 wanafunzi waliunda kundi la kimapinduzi la USARF, mwenyekiti wake akiwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Novemba 1969 wakatoa jarida lao, Cheche. Walter Rodney wa Guyana alifundisha, akabishana nao, na mwaka 1972 akatoa How Europe Underdeveloped Africa. Issa Shivji alitumia kurasa za Cheche mwaka 1970 kuuliza swali ambalo wakubwa hawakulipenda: ni tabaka gani hasa linalotawala nchi inayojiita ya wakulima na wafanyakazi? Kabla mwaka haujaisha, USARF na Cheche vilipigwa marufuku.

Pale waliosomwa ni Marx, Lenin na Fanon. Horkheimer na Adorno hawakuwa mashujaa wa Mlimani. Lakini swali la Shivji ni ndugu wa damu wa swali la Horkheimer. Ninachowalaumu vijana wale ni kwamba mizani yao ilikuwa ya tabaka na ubeberu, na mkimbizi hakupata pa kukaa juu yake. Mwese haikuwa na kiwanda wala chama cha wafanyakazi. Ilikuwa na watu wasiokuwa na nchi, waliokabidhiwa ardhi walime, chini ya mkataba wa serikali, Umoja wa Mataifa na kanisa.

Baadaye Mpanda ilipokea wengine. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipelekwa Ulyankulu huko Tabora, na Katumba huko Mpanda. Ulyankulu ilipojaa kupita kiasi, mwaka 1978 yakafunguliwa makazi ya Mishamo, pia Mpanda: vijiji 16 vilivyopimwa kwa mistari msituni, na anayetaka kutoka sharti awe na kibali.

Liisa Malkki, mzaliwa wa Finland aliyekuwa mwanafunzi wa Harvard, aliishi na watu hao kati ya mwaka 1985 na 1986, Mishamo na pia Kigoma mjini. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995. Humo Michel Foucault, aliyeandika jinsi gereza linavyomtengeneza mfungwa kwa kumpanga na kumtazama, anaoneshwa vijiji vya Mishamo. Malkki aliona kwamba makazi yale, yaliyopangwa ili kutuliza watu, ndiyo yaliyowapa nafasi ya kujisimulia upya kama taifa moja safi lililo uhamishoni. Wenzao wa Kigoma mjini walifanya kinyume: walioa na kuolewa, wakabadili majina, wakajichanganya na wenyeji hata usiwatambue. Tangu hapo ni vigumu kufundisha nadharia ya uhamisho bila kukitaja kitabu hicho. Mpanda ikaingia katika falsafa ya jamii kwa mlango huo.

Ni kitabu kizuri. Ila kina jirani ambaye hakuulizwa. Mwese nayo ilikuwa makazi, nayo ilikuwa mbali, nayo ililelewa na mashirika yaleyale. Lakini karibu mwaka 1980 Tanzania iliwapa Wanyarwanda wa zamani uraia wa tajnisi, takriban watu 36,000, na Mwese leo ni kata kama kata nyingine. Kama ni ramani ya makazi inayozaa taifa la uhamishoni, kwa nini Mwese ilikwenda njia nyingine? Jibu haliko kwenye barabara zilizonyooka. Angalau nusu yake iko kwenye karatasi: nani alipewa, lini, kwa masharti gani. Mishamo yenyewe ilikuja kutoa ushahidi. Warundi wa 1972 walipoulizwa mwaka 2007 wachague, wanne katika kila watano walisema wanabaki. Serikali ikataka kwanza kuwatawanya katika mikoa mingine, mpango ukakwama, na hati za uraia za watu wapatao 162,000 zikasubiri hadi Oktoba 2014. Watu waliosimuliwa kama taifa linalongoja kurudi walikuwa wakingoja cheti kutoka Dar es Salaam.

Kuna aliyeyachungulia mambo haya mapema, naye alitoka Mlimani. Charles Gasarasi aliandika mwaka 1984 juu ya ule mkataba wa pande tatu ulioyaendesha makazi, na mwaka 1990 juu ya tajnisi ya Wanyarwanda na matatizo yake. Hakuhitaji Foucault. Alifuata fedha, madaraka na sahihi, akaonesha nani aliamua nini kwa niaba ya nani, jambo ambalo Horkheimer angelitambua mara moja. Ripoti yake ya kwanza ilichapishwa Uppsala, Sweden. Mwanafunzi wa Mpanda anayesoma falsafa ya jamii leo atakutana na Malkki katika muhula wake wa kwanza wa nadharia. Gasarasi itabidi amtafute mwenyewe.