Mipangilio

Mtaani wanasema “setingi”. Mimi nabaki na mipangilio, kwa sababu ndani yake mna kupanga, na kupanga ni mambo mawili: kuweka vitu mahali pake, na kukodi chumba. Kwenye Linux yote mawili yanakutana. Kila mtumiaji ana folda yake ya nyumbani, kama mpangaji na chumba chake, na humo anaweza kuweka faili ya mipangilio iitwayo .Xresources. Nukta ya mwanzo huificha. Ukiorodhesha kwa ls huioni, mpaka useme ls -a. Yangu ina mstari mmoja tu, Xft.dpi: 120, unaokuza herufi, maana macho yameanza kuzeeka (miwani nayo naisahau).

Ila kuandika si kupanga. Lazima programu ya xrdb iisome faili hiyo kila unapoingia. Nikaiweka amri, xrdb -merge ~/.Xresources, ndani ya .xprofile, faili inayosomwa unapoingia. Asubuhi, herufi zilikuwa ndogo kama siafu. Wiki nzima nikawa naiandika amri kwa mkono, hadi nilipoitazama faili vizuri: nilikuwa nimeiita .Xprofile, kwa X kubwa. Kwa Linux hayo ni majina mawili tofauti.