Shule: Neno na Asili Yake

Leo tutazame neno moja dogo: shule. Wazee wa Pwani walisema chuo. Kwao chuo kilikuwa kitabu, tena kilikuwa mahali pa kufundishwa. Ndugu zetu wa Zanzibar husema skuli, neno walilolipata kwa Waingereza. Lakini shule ni neno la Wajerumani, waliotawala ng'ambo ya mpaka wetu wa Taveta.

Agosti 1914 Wajerumani hao waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi ili wawakabili, na Machi 1916 wakawafukuza. Askari walikwenda zao. Neno lao lilibaki Tanganyika, na sisi wa upande huu twalitumia kila siku.

Wajerumani nao walilipokea kutoka Kilatini, na Kilatini kutoka Kigiriki. Skuli ina asili hiyo hiyo. Basi kwa Wagiriki maana yake ya kwanza haikuwa jengo wala mwalimu. Ilikuwa nafasi: wakati wa mtu aliyeweka kazi kando. Ajabu, sivyo? Sisi huona shule yenyewe ndiyo kazi! Mkumbukeni Martha katika Injili ya Luka, alivyohangaika na shughuli za nyumba, hali Mariamu ameketi kusikiliza.

Huku nyanda kavu za Voi yuko msichana atekaye maji mbali alfajiri, na jioni hutafuta kuni. Sare anayo, daftari analo, na jina lake limeandikwa darasani. Nafasi ataipata wapi?