Kutoka Kadi ya Akiba Hadi Kikokotoo

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, mtu akisema amelipwa mafao, watu hawamuulizi amelipwa kiasi gani. Wanamuuliza amefungua nini. Aliyetoka kazini miaka ya sabini utaonyeshwa nyumba yake. Wa katikati ya miaka ya themanini atakuonyesha cherehani, au mabati ya paa moja, tena kwa manung'uniko. Waliopunguzwa viwandani miaka ya tisini ndio waliojaza meza za mitumba na maghala ya mchele wa Kyela na Usangu. Wa siku hizi hukuonyesha ujumbe wa benki kwenye simu.

Nilikuwa karani wa mishahara katika kampuni moja ya watu binafsi hapa Mbeya. Sasa nina steshenari hatua chache kutoka sokoni: fotokopi, picha za pasipoti, barua za maombi, na fomu za mafao. Wazee huniletea mifuko ya rambo iliyojaa makaratasi, nami huyapanga kwa miaka. Kazi hiyo imenifundisha kwamba historia ya pensheni ya sekta binafsi nchini ni mvutano wa jambo moja: mfanyakazi anataka fedha yake kwa mkupuo, sheria inamvuta apokee kidogo kidogo hadi afe. Kila alipovutwa bila kuelezwa, aligoma.

Karatasi za zamani kabisa zinazofika mezani kwangu ni za Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao wazee wanauita NPF. Ulianzishwa kwa sheria ya 1964. Kabla yake mwajiri binafsi hakuwa na deni kubwa kwa mtu anayezeeka kazini. Makampuni makubwa yaliwawekea akiba maofisa wao, na mwajiriwa wa kawaida akapata sheria ya kiinua mgongo ya 1962, ya kumtoa mlangoni na kitu mkononi. Mwaka 1964 wenyewe ulikuwa mzito. Januari jeshi liliasi, Februari shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja mikononi mwa serikali, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa hapo hapo Waziri wa Kazi. Kwa hiyo mfanyakazi alinyang'anywa mdomo akapewa akiba, ndani ya mwaka mmoja. Sijawahi kuona hilo limeandikwa kwenye kalenda za wanachama.

Mwaka huo huo, kwa kusadifiana tu, Wamarekani walikuwa wanajifunza somo lao. Kiwanda cha magari cha Studebaker kilifungwa South Bend, Indiana, Desemba 1963, na mfuko wa pensheni ulipofunguliwa haukutosha. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi waliokuwa na utumishi wa kutosha walilipwa kamili, wa miaka 40 hadi 59 waliambulia kama asilimia 15 ya haki yao, wengi wa waliobaki hawakupata kitu. Ilichukua hadi 1974 Marekani kupitisha sheria, ile inayoitwa ERISA, ya kumlazimisha mwajiri atenge fedha za kweli. Waingereza nao walingoja Robert Maxwell afe 1991 ndipo wakagundua alichota mifuko ya wafanyakazi wa magazeti yake. Sheria yao ikaja 1995. Kwa Tanzania serikali haikumwachia mwajiri binafsi mfuko wa mwajiriwa wa kawaida. Ilichukua ufunguo tangu mwanzo.

NPF ilikuwa rahisi kuielewa. Mwajiri anakata, anaongeza fungu lake, anapeleka. Mwanachama akifika umri, au akipatwa na ulemavu, anachukua chake na riba yake, biashara imekwisha. Mwanzoni ilikuwa idara ya wizara. 1975 ikawa shirika. Mwaka 1978 mashirika ya umma yakapata mfuko wao, PPF, wenye pensheni ya kila mwezi. Hapo Mbeya ikagawanyika kimyakimya. Wa kiwanda cha umma, tuseme Zana za Kilimo au kiwanda cha nguo, alikuwa na njia moja. Dereva wa lori la Mhindi wa Uhindini au mchuma chai wa shamba la kampuni kule Mufindi alikuwa na nyingine, ya mkupuo.

Halafu bei zikapanda. Katikati ya miaka ya themanini mfumuko ulizidi asilimia 30 kwa mwaka, na kuanzia 1986 shilingi ikashushwa thamani mara kwa mara. Mtu aliyekatwa shilingi nzito za 1968 alilipwa shilingi nyepesi za 1987. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa magari aliniambia, "Mama, nilichukua akiba ya miaka ishirini nikaibeba kwenye mfuko wa shati." Ndipo wataalamu walipopata hoja yao: akiba ya mkupuo hailindi uzee, inahitajika pensheni yenye hesabu ya mshahara wa mwisho. Walikuwa sahihi. Lakini wazee walichojifunza ni kitu kingine kabisa, kwamba fedha ikikaa mbali nawe muda mrefu inayeyuka, basi ichukue mapema.

Masomo hayo mawili hayajawahi kukutana.

Sheria ya 1997 iliigeuza NPF kuwa NSSF, na 1998 ikaanza kazi. Mchango ukawa asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu. Miezi 180 ya michango ndiyo ikawa mlango wa pensheni. Mafao ya uzazi na ya kuumia kazini yakaingia. Mimi niliona mabadiliko hayo kwenye dawati: orodha ya majina, namba za uanachama, mshahara ghafi, makato, hundi. Kosa la herufi moja kwenye jina la ukoo, Mwakyusa akaandikwa Mwakiusa, na miaka kumi ya mtu inaelea. Fomu ikishakaa sawa kulikuwa na ugonjwa wa pili: makato yanaonekana kwenye karatasi ya mshahara, lakini hayajafika kwenye mfuko. Nimeona waajiri wakizungushia mtaji fedha za makato na kusema watalipa msimu ukiisha. Kwa mkupuo, mtu anagundua upungufu siku moja na kupiga kelele siku hiyo. Kwa pensheni ya kila mwezi, mwezi uliokosekana mwaka 2003 unampunguzia mkate hadi kaburini.

Kufikia miaka ya 2000 mifuko ilikuwa mingi: NSSF, PPF, PSPF ya watumishi wa umma tangu 1999, LAPF ya serikali za mitaa, GEPF. Kila mmoja na kanuni yake, na kila mmoja ukitafuta wanachama. Mawakala walikuja hadi sokoni na fulana na vikombe. Michango ikajenga Chuo Kikuu cha Dodoma na Daraja la Kigamboni, na watu wa Nyanda za Juu, ambao wengi hatujapita juu ya daraja hilo, tukauliza fedha inarudi lini. Sheria ya 2008 ilileta msimamizi wa mifuko yote, SSRA. Kenya ilikuwa imetangulia kwa sheria ya 1997, lakini kule msimamizi alikuta mamia ya mifuko ya makampuni yenye wadhamini wao. Huku alikuta mifuko michache mikubwa, yote ya serikali. Ni vigumu mtoto kuwakaripia kaka zake ambao baba yao ni mmoja.

Mwaka 2012 sheria iliondoa fao la kujitoa, yaani haki ya kuchukua michango yako ukiacha kazi. Anayeachishwa kazi akiwa na miaka 34 angengoja hadi 55. Bungeni ilipita kama jambo la kitaalamu. Migodini ikawaka moto. Kwenye hesabu, waliotunga walikuwa na hoja, kwa kuwa mtu anayejitoa kila mkataba unapoisha hafikishi miezi 180. Lakini kijana wa mkataba wa miaka miwili alikuwa anauliza akope wapi mtaji wakati fedha yake imelala. Serikali ikarudi nyuma, na jambo likasuasua hadi sheria ya 2018 ilipoleta fao la upotevu wa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18.

Sheria hiyo pia iliunganisha mifuko minne kuwa PSSSF kwa ajili ya umma na kuiacha NSSF na sekta binafsi na waliojiajiri. Agosti mosi ikaanza. Baadaye mwaka huo zikatoka kanuni za kikokotoo, yaani hesabu ya kugawa mkupuo na pensheni ya mwezi: mkupuo asilimia 25 kwa wote. Nchi ikanguruma. Desemba 28 Rais Magufuli akazifuta na kurudisha kanuni za zamani hadi 2023. Mwaka uliofuata SSRA yenyewe ikafutwa, kazi zake zikagawanywa kati ya serikali na Benki Kuu.

Hapa ndipo ninapogombana na wateja wangu walimu. Kelele ya kikokotoo ilikuwa yao, na walikuwa na haki: walizoea asilimia 50. Lakini mwanachama wa NSSF alikuwa tayari kwenye 25 na hakuna aliyemwandikia bango. Nawachorea kwenye karatasi. Tuchukue wastani wa mshahara Sh600,000 na miezi 360. Kwa kanuni ya moja ya 580, pensheni nzima ya mwaka ni kama Sh4,469,000. Zidisha kwa 12.5. Robo yake ni mkupuo wa karibu Sh13,970,000. Kanuni ya Julai 2022 iliweka asilimia 33 kwa wote, na mtu huyo akapata karibu Sh18,430,000, pensheni ya mwezi ikishuka kutoka Sh279,000 hadi Sh249,500. Mwalimu wa mshahara huo huo, kwa kanuni yake ya zamani ya moja ya 540 na 15.5, angepata mkupuo wa Sh37,200,000. Mageuzi yale yale yalimpandisha mmoja na kumshusha mwingine. Bajeti ya 2024 ikaongeza tena: 40 kwa waliokuwa kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25.

Milioni 18 hapa Mwanjelwa ni magunia mengi ya mchele wakati wa mavuno, yakiuzwa Februari bei ikipanda. Mstaafu anayefikiri hivyo si mjinga. Anajua bei ya mchele kuliko anavyomjua mtu anayetunza rekodi yake. Ila soko nalo huungua. La Mwanjelwa liliteketea 2006, la SIDO hapa hapa jijini 2017, na mikupuo mingi iliondoka na moshi pamoja na mabanda. Wale waliokuwa na pensheni ya mwezi waliendelea kula.

Wauzaji wengi wanaonizunguka hawajawahi kukatwa mshahara na mtu yeyote. Wana upatu, wana vikoba. Wakenya waliwabunia watu wa namna hiyo Mbao, mpango wa shilingi 20 za Kenya kwa siku. NSSF nayo imefungua mlango kwa waliojiajiri, na kianzio kilikuwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya kupandishwa. Dada anayeuza parachichi za Rungwe mbele ya duka langu alichukua fomu, akaisoma hadi mwisho, akaniuliza swali la kwanza ambalo kila mtu huniuliza: "Na nikitaka kutoa?"